Kumlea Mtoto Awe Mchapakazi: Mwongozo Kamili kwa Mzazi, Kuanzia Kazi za Nyumbani hadi Ajira ya Kwanza

Kila mwaka, mwezi wa Novemba, vijana wa Tanzania hufanya mtihani wa kidato cha nne na kurudi nyumbani kusubiri matokeo, ambayo hutoka mwishoni mwa Januari. Wale wanaochaguliwa kuendelea na kidato cha tano huripoti shuleni Julai. Katikati hapo kuna karibu miezi saba ya kijana mwenye nguvu kukaa nyumbani, na ndipo wazazi wengi hugundua kwamba mtoto wao, aliyefanya vizuri hisabati na Kiingereza, haamki bila kuamshwa, hamalizi kazi bila kusimamiwa, na akipelekwa kwa fundi hurudi siku ya tatu akisema kazi ile haimfai.

Lawama huangukia kijana, wakati ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kumpa kazi iliyo yake. Ametumwa sana, na kutumwa hakumfundishi mtu kazi. Mtoto anayetumwa chumvi dukani, kisha akaitwa ashike mtoto, kisha akaambiwa asogeze kiti, anajifunza kutii sauti. Sauti ikinyamaza, naye anakaa. Mwongozo huu unahusu namna ya kumjengea mtoto uchapakazi usiotegemea sauti ya mtu, kwa njia mbili zinazofuatana: kwanza kumkabidhi kazi nzima nyumbani tangu akiwa mdogo, kisha kumpitisha katika kazi za namna mbalimbali chini ya watu wasio wazazi wake. Nimeuandika nikiwa na Tanzania akilini, lakini mzazi wa Mombasa, Bujumbura au Bukavu ataona wapi pa kurekebisha.

Hatua ya kwanza: Zipange upya kazi za nyumba

Kabla ya kumpa mtoto chochote, keti uorodheshe kazi zote zinazofanyika nyumbani kwa wiki moja, kuanzia kuteka au kukinga maji, kufagia uwanja, kuosha vyombo, kudeki, kufua, kupika, kulisha mifugo, hadi kulipia umeme na kupeleka taka. Mbele ya kila kazi andika jina la anayeifanya. Katika nyumba nyingi za mjini jina la msaidizi wa kazi litajirudia kuanzia juu hadi chini, na katika nyumba nyingi za kijijini na mjini vilevile jina la binti litatokea mara nyingi zaidi kuliko la kaka yake. Hapo ndipo pa kuanzia. Mtoto wa kiume asiyeosha sahani aliyolia chakula anafundishwa kila siku kwamba kuna kazi ambazo ni za watu wengine, na fundisho hilo atakwenda nalo gereji, ofisini na kwenye ndoa yake. Gawa kazi kwa umri na uwezo, si kwa jinsia. Msaidizi wa nyumbani abaki na kazi zake nyingi tu, lakini chumba cha watoto, nguo zao za ndani na vyombo vyao wenyewe viondoke mikononi mwake.

Wape watoto wakubwa nafasi ya kuchagua katika orodha hiyo. Kazi aliyoichagua mtoto haimzuii kuichoka, lakini inamnyima kisingizio cha kusema alionewa.

Hatua ya pili: Mkabidhi kazi nzima

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote katika miaka ya mwanzo, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Kazi nzima ni ile yenye mwanzo, mwisho, na mtu anayeitegemea. Kumwambia mtoto wa miaka sita "nisaidie kuosha vyombo" si kumkabidhi kazi. Atasuuza vikombe viwili na kukimbilia nje, na wala hatakuwa amekosea, kwa sababu hakuambiwa msaada huo unaishia wapi. Mwambie kwamba vikombe vyote vya chai vya nyumba hii, kila jioni, ni vyake: anavikusanya, anaviosha, anavisuuza, anavifunika kwenye chanja au kabati, na asubuhi watu wakitaka chai wavikute. Asubuhi ambayo vikombe vitakutwa vichafu, usivioshe wewe wala usimwachie dada yake. Mwite kwa utulivu aoshe huku watu wakisubiri mezani. Kusubiri kwa watu wale kutamfundisha kuliko maneno, kwa maana ataona kwa macho yake kwamba kuna wenzake waliokuwa wakimtegemea.

Kati ya miaka minne na sita, kazi iwe ndogo kiasi cha kumalizika kabla hajachoka: kukusanya viatu vyote mlangoni na kuvipanga, kuwapa kuku maji, kukunja nguo zake. Kuanzia miaka saba hadi tisa, aongezewe kazi zenye hatua mbili au tatu zinazofuatana, kwa mfano kuchambua mchele, kuuosha na kuuacha tayari kwa mpishi, au kufagia uwanja, kukusanya taka na kwenda kuzimwaga. Usimpe kazi nyingi. Kazi moja inayofanywa kila siku kwa miezi inajenga zaidi kuliko kazi kumi za Jumamosi moja.

Namna ya kufundisha ni ile waliyoitumia mafundi wetu siku zote. Mara ya kwanza unafanya mwenyewe naye akikutazama, na unafanya polepole huku ukieleza sababu: maji ya kusuuzia yabadilishwe kwa sababu yakishakuwa na povu kikombe kitanuka sabuni. Mara ya pili mnafanya pamoja. Mara ya tatu anafanya yeye, nawe unakaa karibu umefunga mdomo. Baada ya hapo unaondoka. Sehemu ngumu kwa mzazi ni huko kuondoka, kwa kuwa tumezoea kuelekeza kila hatua. Lakini mtoto asiyeachwa peke yake na kazi hapati nafasi ya kuamua lolote, na uamuzi mdogo mdogo, kama kuanza na vikombe au sahani, ndio unaoifanya kazi iwe ya kwake.

Ukaguzi uwepo, ila uwe na saa yake. Kagua mwisho wa kazi, si katikati. Ukikuta kasoro, usiirekebishe kwa mkono wako. Mwonyeshe mahali, umuulize anaona nini, umrudishe akamalizie. Na ikiwa kazi ni nzuri, taja kilicho kizuri kwa jina lake: "Leo umefagia mpaka nyuma ya pipa." Sifa ya jumla jumla, kama "hongera, mtoto mzuri", haimwambii afanye nini kesho.

Hatua ya tatu: Usiifanye kazi kuwa adhabu

Mwezi Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitangaza siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotaka kila shule iwe na shamba au karakana na wanafunzi wafanye kazi humo kama sehemu ya elimu yao. Kinachosahaulika ni kwamba siasa ile ilitaka pia wanafunzi washiriki kupanga kazi yenyewe na kuamua mapato yake yatumikeje. Katika shule nyingi sehemu hiyo ya pili ilififia na jembe likabaki; kisha jembe likawa mkononi mwa aliyechelewa, aliyepiga kelele darasani, au aliyesahau sare. Mtoto aliyeng'olewa darasani akang'oe kisiki hujifunza kwamba kulima ni malipo ya kosa, na tunashangaa anapokua na kukimbia shamba.

Nyumbani tunarudia jambo lilelile tunaposema, "Kwa kuwa umepigana na mwenzako, leo utadeki nyumba nzima." Tafuta njia nyingine ya kumrudi mtoto. Mnyime michezo au televisheni aliyekosa, lakini kudeki kubaki kudeki, kazi inayofanywa kwa sababu sakafu ni chafu na watu wa nyumba hii wanaipita. Vivyo hivyo, usimfutie mtoto kazi yake kama zawadi ya kufaulu mtihani, kwani kufuta kazi kama zawadi kunasema kitu kilekile kwa lugha ya upole.

Swali la kumlipa mtoto kwa kazi za nyumbani huulizwa sana, na jibu langu ni kwamba kazi ya kuitunza nyumba anayoishi isilipwe. Lipia kile ambacho ungemlipa mtu wa nje: kupaka ukuta chokaa, kupalilia shamba la mahindi wakati wa likizo, kuosha gari la biashara. Hapo mkubaliane bei kabla ya kazi kuanza, na umlipe siku ile ile kazi inapokwisha.

Hatua ya nne: Mpe kitu chenye uhai, kati ya miaka 10 na 13

Vikombe vichafu vinaweza kusubiri hadi kesho, lakini kuku asiyepewa maji hasubiri. Katika umri huu mtoto anahitaji kazi ambayo uzembe wake una gharama halisi na bidii yake ina matunda anayoweza kuyahesabu, na sijaona inayofaa kuliko ufugaji mdogo wa kuku wa kienyeji au bustani ya mboga.

Bustani ni nyepesi zaidi kuanza nayo. Mchicha huwa tayari kuvunwa katika wiki tatu hadi nne tangu kusia mbegu, muda ambao mtoto wa miaka 10 anaweza kuuvumilia. Apewe tuta moja, si shamba, na amwagilie asubuhi na jioni. Akivuna, nyumba inunue mchicha ule kwake kwa bei ya gengeni.

Kuku wanadai zaidi. Mnunulie tetea mmoja anayejulikana kwa kuatamia vizuri. Mayai kumi au kumi na mawili yanamtosha kuatamia kwa wakati mmoja, na vifaranga hutotolewa baada ya siku 21. Mtoto aandike ukutani au kwenye daftari tarehe ya kuatamisha na ahesabu mwenyewe siku ya kutotoa. Wiki za mwanzo vifaranga wafungiwe dhidi ya mwewe na paka, maji yabadilishwe kila siku, banda lifagiliwe. Kisha kuna mdondo, ugonjwa unaoweza kumaliza kuku wa mtaa mzima kwa muda mfupi: chanjo yake hutolewa kwa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, hivyo tarehe hizo nazo ziingie kwenye daftari, na mtoto ndiye awe wa kumkumbusha mzazi kwamba chanjo imekaribia.

Daftari lenyewe liwe na safu nne tu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Pumba debe moja imetoka pesa kiasi gani, mayai sita yameuzwa yakaleta kiasi gani. Jumapili jioni mkae pamoja mlipitie. Kuku wakifa kwa sababu chanjo ilisahaulika, usikimbilie kumnunulia wengine. Mpitie daftari mwone tarehe iliyorukwa, kisha aanze tena kwa fedha iliyobaki. Akikosa mtaji, akopeshwe na deni liandikwe, naye alilipe.

Hatua ya tano: Jua mipaka ya sheria kabla ya kumpeleka kwa mtu

Kumfundisha mtoto kazi na kumtumikisha ni mambo mawili yaliyo mbali sana, na mzazi mwema anaweza kuuvuka mpaka bila kujua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 14, tena kwa kazi nyepesi isiyodhuru afya na makuzi yake wala kumzuia kuhudhuria shule na kufaidika nayo. Kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, hairuhusiwi kwa mtoto. Kazi za hatari zinakatazwa mpaka atimize miaka 18, zikiwemo uvuvi wa baharini, machimbo ya madini na mawe, kubeba mizigo mizito, viwanda vinavyotengeneza au kutumia kemikali, sehemu zinazotumia mashine, pamoja na baa na nyumba za starehe. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 13.

Kwa lugha ya mtaani, hii ina maana kwamba kijana wa miaka 15 haendi kubeba zege, hapandi ngalawa kwenda kuvua, haingii shimoni Mererani wala Geita, na hasimami nyuma ya kaunta ya baa ya mjomba. Wala binti wa umri huo asipelekwe mjini kuishi na kufanya kazi kwa watu mbali na macho yako kwa jina la kujifunza maisha. Kazi ninazozieleza hapa chini ni za mchana, ni za kwenda na kurudi, na kwa mwanafunzi ni za likizo, yaani Juni na Desemba, au saa chache za Jumamosi.

Hatua ya sita: Mpitishe katika kazi za namna tofauti

Kijana aliyefanya kazi moja tu, hata kama aliifanya kwa bidii, hujua desturi za mahali pamoja. Akifika mahali pengine anaweza kudhani bosi mpya ni mkali bila sababu, au kazi mpya haina maana. Aliyepitia sehemu tatu au nne huanza kuona mwenyewe kile kinachodaiwa kila mahali, iwe shambani au dukani: kuwahi, kumaliza, na kuaminika na mali ya mwenyewe. Kwa hiyo usitafute kazi inayolipa zaidi, wala inayofanana na masomo yake. Tafuta kazi zinazotofautiana.

Anza na kazi ya mahesabu na wateja. Duka la vyakula la mtaani linafaa kuliko sehemu nyingi. Kijana atajifunza kufungua saa ileile kila siku hata mvua ikinyesha, kwa sababu mteja wa mkate wa asubuhi akikuta mlango umefungwa mara mbili, ya tatu haji. Atajifunza kupima sukari mizani ikiwa imetulia, kupanga bidhaa za zamani mbele na mpya nyuma, kurudisha chenji kwa kuihesabu mkononi mwa mteja, na kuandika daftari la madeni kabla mkopaji hajaondoka. Jioni atakabidhi hesabu. Siku hesabu itakapopungua shilingi mia tano na yeye akalazimika kuirudia stoo, droo na daftari mpaka aione ilipopotelea, atakuwa amejifunza uaminifu kwa namna ambayo hotuba haiwezi kumfundisha. Mwombe mwenye duka asimsamehe upungufu huo haraka.

Kisha mpeleke kwa fundi, na hapa namtetea fundi cherehani mbele ya wengine wote, hasa fundi mwenye umri na wateja wa kudumu anayetumia cherehani ya mguu. Mwanafunzi wake hapewi cherehani siku ya kwanza. Hupewa kufagia vipande, kupiga pasi, kutia vifungo, na kufumua. Kufumua ni kutoa uzi wa mshono uliokosewa, pigo baada ya pigo, kwa wembe au mkasi mdogo, bila kukata kitambaa. Kijana akiharakisha, kitambaa kinatoboka, na kitambaa ni cha mteja. Fundi atachukua futi kamba, atapima upande wa kulia na wa kushoto, akikuta tofauti ya nusu inchi atasema neno moja tu: "Fumua." Hakuna kugombezana, na hakuna kubishana na futi kamba. Mtoto wa kiume anapaswa kwenda huko sawasawa na wa kike. Gereji na karakana ya seremala nazo ni shule nzuri, lakini kwa sababu ya mashine zisubiri mpaka kijana atimize miaka 18.

Kazi ya tatu iwe ya juani. Shamba la mtu mwingine, si la baba, kwa kuwa kwa baba kuna kupumzika kusikopimwa. Kupalilia mahindi kwa kipande, ambapo eneo limepimwa kwa hatua na ujira ukajulikana, kunamfundisha kijana kupanga nguvu zake: anayeanza kwa kasi saa 1 asubuhi huwa kivulini saa 4, na mzee wa jirani aliyeanza polepole humpita. Akae na wazee hao, ale nao, asikilize wanavyozungumza kuhusu udongo na mvua. Pale penye ufyatuaji wa matofali ya saruji kwa mkono, kuna kazi nyingine nyepesi ninayoipenda kwa sababu ya fundisho lake: kumwagilia matofali. Tofali la saruji linatakiwa kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua saba ili likomae. Siku ya pili na siku ya saba linaonekana lilelile kwa macho, hivyo anayeruka jioni moja hagunduliki. Tofali lake litavunjika kwenye gari, au ukutani baadaye, wakati yeye hayupo. Kijana anayemwagilia kwa uaminifu wiki nzima bila kusimamiwa yuko tayari kwa ajira yoyote.

Ya nne, kama muda upo, iwe kazi ya kuhudumia watu wasioweza kumlipa vizuri wala kumshukuru vizuri: kumsaidia bibi mgonjwa wa jirani, kufundisha kusoma watoto wa madrasa au wa shule ya Jumapili, kusafisha msikiti au kanisa. Sitaieleza kwa urefu, maana kila mtaa una ya kwake.

Hatua ya saba: Mkabidhi kwa bosi ipasavyo

Mzazi aende pamoja na kijana siku ya kwanza, na mazungumzo yafanyike mbele yake. Amsalimie mwenye kazi kwa heshima yake, "Shikamoo mzee" au "Habari za kazi, fundi", kisha aseme waziwazi mambo manne: kijana atafika saa ngapi na kuondoka saa ngapi, atafanya kazi gani na zipi hataruhusiwa, atalipwa kiasi gani na lini, na mzazi apewe taarifa akikosa nidhamu au akiumia. Maneno ya zamani ya "mwanangu ni wako, mifupa tu ndiyo yangu" yaachwe. Bosi apewe haki ya kumsimamia na kumkanya, asipewe haki ya kumpiga.

Baada ya hapo, mzazi ajiondoe. Usipige simu kuuliza kama amekula. Usimwombee ruhusa, akitaka kwenda harusini aombe mwenyewe, kwa maneno yake, kabla ya siku yenyewe. Akichelewa, asafishe jina lake mwenyewe. Simu yake ibaki nyumbani au kwenye begi kwa muda wote wa kazi, na hili mlikubaliane nyumbani kabla bosi hajalisema.

Atakaporudi jioni ya siku za kwanza, atalalamika. Msikilize mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha utenganishe uchovu na dhuluma. Miguu kuuma, jua kali, kuitwa "dogo", kurudishwa kufumua mara mbili, kutumwa maji, hayo ni ya kazi, na jibu lake ni maji ya kuoga, chakula na kulala mapema. Kutolipwa, kupigwa, kuguswa isivyo halali, kupewa mzigo unaozidi mwili wake, au kuzuiwa kuondoka saa ya makubaliano, hiyo ni dhuluma, na siku hiyo hiyo umtoe na ulipeleke jambo hilo kwa mwenyekiti wa mtaa au ofisa ustawi wa jamii. Mwambie kijana tofauti hii tangu mwanzo, ili asivumilie uovu akidhani ndiyo uchapakazi.

Akitaka kuacha kazi isiyo na dhuluma, akubaliwe, lakini kwa masharti: amalize muda alioahidi au kipande alichokianza, amuage bosi uso kwa uso, na arudishe kila kitu alichokabidhiwa, mpaka ufunguo na mkasi.

Hatua ya nane: Ujira uwe wake, nawe umwongoze

Mzazi asiupokee ujira wa mtoto kwa niaba yake. Mwenye kazi ampe mkononi, kijana auhesabu, ashukuru. Nyumbani mgawanye pamoja mara ya kwanza: sehemu ya matumizi yake mwenyewe bila kuulizwa, sehemu ya kibubu kwa lengo lililotajwa, kama daftari za kidato cha tano au mtaji wa kuku wengine, na sehemu ndogo ya kuchangia nyumbani. Hiyo ya tatu iwe ndogo lakini iwepo, na inunue kitu kinachoonekana, kilo ya sukari au mafuta ya kupikia, watu wa nyumba wakijua nani ameleta. Katika familia nyingi ujira wa kwanza wote hupelekwa kwa mama au bibi ili auombee dua; ikiwa ni desturi yenu, ifuateni, kisha mgawanyo uanze na ujira wa pili.

Jambo moja lisifanyike hata siku moja: kukopa kibubu cha mtoto bila kumwambia. Nyumba ikibanwa, aombwe, na siku ya kumlipa itajwe na itimizwe.

Hatua ya tisa: Itumie miezi ya baada ya kidato cha nne

Sasa turudi kwenye ile miezi saba. Kijana aliyepita katika hatua zilizotangulia hataiogopa, na ambaye hakupita anaweza bado kuanza hapo, ingawa mzazi atahitaji subira zaidi. Desemba apumzike wiki mbili, kisha ashike kazi nzima ya nyumbani kwa siku zilizobaki za mwezi. Januari na Februari aende dukani au gengeni. Machi hadi Mei, ambayo katika mikoa mingi ni miezi ya masika, awe shambani nusu ya siku, na nusu nyingine kwa fundi au katika kozi fupi ya chuo cha ufundi kama VETA. Juni aachwe ajiandae na shule. Yule ambaye hakuchaguliwa kuendelea atakuwa tayari ameonja kazi tatu na kujua ni ipi anayoweza kuamka nayo kila siku kwa miaka mingi, jambo ambalo mzazi hawezi kumchagulia akiwa amekaa sebuleni.

Hatua ya kumi: Kazi hizo ziandikwe

Kila anapomaliza kazi, amwombe bosi barua fupi yenye tarehe, aina ya kazi, sahihi na namba ya simu, hata kama imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Barua hizo ziwekwe kwenye faili moja pamoja na vyeti vya shule. Atakapoandika wasifu wake kwa mara ya kwanza, asijaze maneno kama "mimi ni mchapakazi na ninajituma", ambayo kila mwombaji huyaandika. Aandike alichofanya: "Januari hadi Februari, nilihudumu katika duka la vyakula, nikifungua kila siku saa 1 asubuhi, nikitunza daftari la madeni na kukabidhi hesabu jioni." Chini yake: "Machi hadi Mei, msaidizi wa fundi cherehani, kufumua, kutia vifungo, kupiga pasi na kupokea vipimo vya wateja." Kisha, kabla hajapeleka maombi, awapigie wale mabosi wa zamani simu, awasalimie, awaombe ruhusa ya kuwataja kama wadhamini, na awaeleze ni kazi gani anaomba ili wasishtuke wakipigiwa.